Pua ya Bibi Piduna

Mkate ulitoka mekoni ukiwa mzuri kabisa. Ulikuwa umeiva, umepasuka juu kidogo kama Bibi alivyokuwa akiupenda, na mvuke ulikuwa bado unapanda. Ila haukuwa na harufu.

Walita aliuinua kwa mikono miwili, akausogeza puani, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Mkate wa shayiri wa moto, ambao siku zote ulikuwa ukiwavuta majirani mpaka mlangoni, ulikuwa kama jiwe la ufukweni. Akadhani labda ana mafua.

"Dada, hebu unuse huu."

Dada yake, Tarisa, alikuwa ameegemea ukuta, anamnyonyesha mwanawe wa siku kumi na moja. Mtoto aliitwa Keso. Baba yake alikuwa melini, amepeleka mvinyo Misri, na alikuwa hajamwona bado.

"Walita, mimi nina njaa ya watu wawili, halafu unataka ninuse? Kata, lete."

Walita akakata. Ndani, pale palipotakiwa kuwa pakavu na laini, palikuwa na ute. Kisu kilipotoka kilivuta nyuzi ndefu za rangi ya kamasi, zikaning'inia, zikakatika, zikamwangukia kwenye kidole cha mguu. Harufu ndiyo ikaja hapo, na haikuwa ya mkate.

"Toa!" Tarisa alimfunika mtoto uso kwa shuka. "Toa hicho kitu humu! Umeukanda na nini?"

"Unga ule ule wa jana, dada. Na maji ya kisimani."

"Basi kisima kimekufa."

Walita aliubeba kwa ncha za vidole, akaruka kizingiti bila kukikanyaga kama anavyofanya kila mtu wa Ashkeloni, akamtupia mbwa wao, Shomo. Shomo hakuwa mbwa wa kuchagua. Alikula vichwa vya samaki vilivyolala jua siku mbili, alikula hata matapishi yake mwenyewe. Aliusogelea mkate, akanusa mara moja, akaufyata mkia na kurudi kinyumenyume mpaka ukutani. Lakini hakuwa anautazama mkate. Alikuwa anatazama mikono ya Walita.

*

Bibi Piduna, mama wa baba yao, alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita.

Aliugua miezi mitano. Mama yao alishakufa zamani, Tarisa alikuwa na mimba na kila harufu ilimtapisha, kwa hiyo kazi yote ilimwangukia Walita. Yeye ndiye aliyemgeuza Bibi asubuhi na jioni. Yeye ndiye aliyeosha vidonda vya mgongoni, vilivyokuwa vipana kama visahani, kingo nyeusi na katikati rangi ya njano, na vikikandwa vilitoa usaha mzito kama maziwa yaliyoganda. Siku moja alitoa funza watatu kwa kijiti. Walikuwa wanene, na mmoja alimtambaa mpaka kwenye kifundo cha mkono kabla hajamkung'uta.

Kila mara Bibi alimwuliza swali lile lile.

"Mjukuu wangu, nanuka?"

"Hapana, Bibi. Hunuki."

Alijibu huku amezuia pumzi. Alikuwa amejifunza. Alivuta pumzi nje, akaruka kizingiti, akafanya kazi kwa haraka, akajibu kwa sauti ya puani, akatoka kupumua uani. Bibi alikuwa mwanamke aliyejipaka mafuta ya yungiyungi nyuma ya masikio kila alfajiri ya maisha yake, hata siku za kwenda kupasua samaki. Wanawake wa mtaani walimtania kwamba samaki wake wananukia kama bibi harusi. Kujua kwamba ananuka kungemuua kabla ya vidonda.

"Nikifa usisahau kigudulia changu," alimwambia. "Kijaze mwenyewe. Baba yako ni mwanaume, atamwaga."

Kila maiti wa Ashkeloni hulazwa mchangani na kigudulia cha udongo, kidogo kuliko ngumi, kilichojazwa mafuta ya kunukia na kuegeshwa kwenye matundu ya pua. Maiti akisikia harufu nzuri hajui kwamba anaoza. Asiyejua analala.

Siku Bibi alipokufa, Walita alimwosha, kisha akakaa nyuma ya nyumba na chupa ya mafuta ya yungiyungi upande mmoja na kigudulia kitupu upande mwingine. Mafuta yalikuwa machache, yanatosha kigudulia tu. Mikono yake ilikuwa inanuka. Alikuwa ameisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa siki, na bado usaha ulikuwa umejificha chini ya kucha. Akaweka tone moja kiganjani. Likasaidia. Akaweka jingine. Alisugua kila kidole, akafumba macho, akanusa, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano alijisikia kuwa msichana wa miaka kumi na tano. Alipofumbua macho chupa ilikuwa tupu.

Wanaume walikuwa tayari wanaita mbele ya nyumba. Nyuma ya mlango kulikuwa na chungu cha mafuta ya zeituni ya kuwashia taa. Wiki ile panya alikuwa ametumbukia humo akafa, na Walita mwenyewe ndiye aliyemvuta kwa mkia; ngozi ya mgongo ilikuwa imelainika, na manyoya yalibaki yakielea. Walijua, lakini taa haina pua, kwa hiyo hawakuyamwaga. Akachota mafuta hayo, akajaza kigudulia, akaziba mdomo wake kwa sufu kama inavyofanywa. Baba yake, Akayo, alikiegesha kwenye pua ya mama yake. Nani angenusa kigudulia cha maiti?

*

Baada ya mkate zikafuata mboga zilizoning'inizwa darini zikauke. Asubuhi zilikuwa hazina harufu, na adhuhuri zilikuwa zinadondosha maji meusi juu ya kitanda cha mfumi, mtambo wao wa kufumia nguo. Kisha dengu. Kisha nyama ya nguruwe ya chumvi, ambayo kwa desturi hukaa mwaka mzima, ikalainika kama ulimi.

Akayo alifanya kazi kwenye shinikizo la mvinyo, akikamua zabibu. Jioni alirudi na mtungi mdogo wa mvinyo mpya, na Walita akammiminia. Alikunywa funda moja, akalitema lote ukutani.

"Nani ameugusa mtungi huu?"

"Mimi, Baba. Nimemimina tu."

"Nimeuonja mwenyewe kazini, ulikuwa mtamu." Akafuta mdomo, kisha akacheka ili asimtishe. "Basi una mkono mbaya, binti. Tutakukodisha kwa washindani wetu."

Tarisa alicheka pia. Walita hakucheka. Alitoka nje, akanusa viganja vyake. Siku kumi zilikuwa zimepita, amefua, ameosha vyombo, amesugua sakafu, na mikono yake bado ilinukia yungiyungi. Tena harufu ilikuwa kali kuliko siku ile ya kwanza, kana kwamba mtu alikuwa akiipulizia kama moto ili isizimike. Na kila kilichooza nyumbani, alikishika yeye.

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa kali na mtaa mzima umejifungia ndani, Tarisa alilala. Keso alikuwa kwenye kikapu chake kando ya mwanga wa mlango. Walita alikuwa anasaga, na unga ulikuwa umemwagika sakafuni toka mlangoni mpaka kwenye jiwe la kusagia.

Akasikia kitu nje. Fnn. Fnn-fnn.

Alidhani ni Shomo. Akaita kwa sauti ya chini, "Shomo?" Shomo alilia, lakini kilio kilitoka mbali, nyuma ya nyumba.

Fnn.

Sauti ilikuwa chini, kwenye kizingiti. Ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua anayenusa ardhini kwa subira, akitafuta kitu alichokipoteza. Mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa linaingia, na hapakuwa na mtu. Kisha, kwenye unga uliomwagika, karibu kabisa na kizingiti, vikatokea vishimo viwili vidogo, kimoja kando ya kingine. Unga ulinyonywa ukaingia, ukapulizwa ukatoka. Vishimo viwili vingine vikatokea mbele ya vile, na viwili vingine, vikimjia.

Walita alibaki amepiga magoti na mikono imezama ungani, akiviangalia vile vishimo vikikaribia kwa kupinda huku na huku kama mbwa anavyofuata alama ya sungura, mpaka vikafika kwenye vidole vyake, na hapo kitu chenye ubaridi na unyevu kikamgusa kifundo cha kidole, laini kama ncha ya pua ya ndama lakini chini ya ulaini kuna mfupa, kikanusa kidole kimoja, kikahamia cha pili, kikasukuma kiganja mpaka kikageuka, kikakizamia katikati na kuvuta pumzi ndefu, tamu, iliyoishia na mguno mdogo wa kuridhika ambao Walita aliujua, kwa sababu aliusikia kila alfajiri tangu utoto wake, Bibi anapofungua chupa yake.

Uzi wa ute ulibaki kiganjani. Vishimo vikageuka. Havikurudi mlangoni. Vilikwenda kwenye kikapu, kwa Keso, ambaye asubuhi ile Walita alikuwa amemshika kichwa akimbembeleza.

Fnn. Fnn. Fnnnnn.

Nywele laini za utosini zikasimama, zikalala, zikasimama tena. Hapo Walita akaichomoa mikono ungani. Aliruka, akamnyakua mtoto kwa mikono yake yote miwili, akambana kifuani, akampigia dada yake kelele. Alipoinamisha uso kwenye utosi wa mtoto, mahali ambapo pana ile harufu ya maziwa na ngozi mpya, hapakuwa na kitu. Palikuwa kama jiwe la ufukweni.

*

Jioni Keso alikataa titi. Asubuhi utosi wake ulikuwa na bato la kijivu, na ngozi pale ilikuwa inateleza kidole kikigusa. Maji mazito yalichuruzika polepole hadi kwenye nyusi zake. Hakulia. Alifungua mdomo na kuufunga tu, kama samaki kwenye kikapu.

"Anaoza," Tarisa alisema. Hakupaza sauti. "Baba, mwanangu anaoza na yuko hai."

Akayo akatoka mbio bila hata kujifunga mkanda, akarudi na Mama Sirana.

Mama Sirana alikuwa mwaguzi wa mtaa wa wavuvi, mzee wa miaka sabini, mfupi, mwenye mdomo usio na adabu. Mkononi alikuwa na mfupa wa bega la ng'ombe uliochongwa meno ukingoni. Matundu yake ya pua alikuwa ameyaziba kwa vipande viwili vya sufu, na watoto wa mtaani walimwita Mama Vizibo.

"Nani amekufa?" aliuliza akiruka kizingiti.

"Hajafa mtu, Mama."

"Basi leo mmewahi. Watu wa mtaa huu huniita nije kulitazama kaburi." Akaketi karibu na mtoto, akamgeuza kichwa kwa upole usiofanana na maneno yake. "Hm. Nahitaji pua. Yangu inajua harufu moja tu tangu usichana wangu. Nani ana pua nzuri hapa?"

Akakwaruza mfupa kwa kijiti, krrr, krrr, akiwaelekea mmoja mmoja. Ulipofika kwa Walita, kijiti kilikwama kwenye jino.

"Wewe. Njoo umnuse mtoto, uniambie ananuka nini."

Walita aliinama, akazuia pumzi kama alivyozoea. "Ananuka vibaya, Mama."

"Vibaya si harufu. Mavi yana harufu yake, samaki aliyeoza ana yake, usaha una yake. Taja jina. Na usinidanganye, umebana pumzi, mashavu yako yamevimba kama ya chura."

Tarisa alikuwa anamtazama. Baba pia. Walita akaachia pumzi, akavuta nyingine. Iliingia yote, mpaka tumboni.

"Panya," alisema.

"Panya wa wapi?"

"Panya aliyekufa." Machozi yakaanza kumtoka. "Aliyekufa ndani ya mafuta."

"Mafuta gani?" Tarisa aliuliza. "Walita, mafuta gani?"

"Ya taa," Akayo alisema polepole. Macho yake yalikwenda kwenye chungu nyuma ya mlango. "Wewe ndiye uliyemtoa yule panya."

Hapo Walita akasema yote. Alisema kwa haraka, akiificha mikono kwapani. Alipomaliza, Tarisa hakumpiga, wala hakumtukana. Alimchukua mtoto, akaenda kukaa ukuta wa mbali, akampa mgongo.

"Mikono yangu ilikuwa inanuka, dada. Nilitaka tu itoke."

"Mama yangu," Akayo alisema. "Nilimwekea mwenyewe puani. Mama yangu!"

"Acha kulia, mzee, kuna kazi," Mama Sirana alisema. "Mama yako hana ubaya na mtu. Lakini hayuko peke yake mle. Kuna jini la mchangani, halina macho wala masikio, ni pua tupu. Maiti akivuta uozo badala ya harufu nzuri, jini lile hupata mlango. Limeingia kwa pua yake, na sasa linatafuta yale mafuta yaliyokuwa haki ya mama yako. Limeyakuta mikononi mwa huyu binti. Kila anachokishika linakinyonya harufu, na kilichonyonywa harufu kinaoza. Mtoto ana siku moja. Mbili akiwa mkaidi kama mama yake."

"Tumpe mama yangu mafuta mengine," Akayo alisema. "Mke wa mfinyanzi anayo."

"Mpeni. Lakini pumzi ya panya aliyokwisha kuivuta imekaa ndani. Lazima itoke, na ikitoka lazima mtu aivute. Haimwagiki hewani."

"Mimi nitaivuta."

"Si wewe uliyekijaza kile kigudulia."

Walita aliutazama mgongo wa dada yake, na kisigino kidogo cha Keso kilichokuwa kikining'inia kwenye mkono wake bila kucheza.

"Ikishaingia, Mama, inatoka?"

Mama Sirana aligusa sufu ya puani mwake kwa kidole. "Niliposema pua yangu inajua harufu moja tu, ulidhani natania?"

*

Mke wa mfinyanzi alitoa kigudulia alichokuwa amejiwekea mwenyewe. "Chukueni," alisema. "Mimi bado sijafa." Akayo alikibeba. Walita alikatazwa kukigusa.

Makaburi yalikuwa nje ya ukuta wa mji, kwenye mchanga, na ulikuwa wa moto kiasi kwamba walitembea kwa kurukaruka. Shomo aliwafuata nusu ya njia akaketi. Akayo alifukua kwa mikono. Kwanza walikuja nzi, wengi, wa kijani, wakitoka mchangani kana kwamba mchanga wenyewe unawazaa. Kisha ikaja harufu, na Akayo akageuka kando akatapika.

Bibi Piduna alikuwa amelala chali. Mashavu yalikuwa yameporomoka, midomo imejivuta na kuacha meno wazi, na macho yalikuwa matope. Uso wote ulikuwa rangi ya ini lililosahaulika juani. Lakini pua ilikuwa nzima. Ilikuwa nyekundunyekundu, changa, yenye unyevu, na kubwa kuliko alivyokuwa nayo akiwa hai, imekaa katikati ya uozo ule kama kitu kilichopandwa na kumwagiliwa. Matundu yake yalipanuka. Yalifunga. Yalipanuka. Kando yake kulikuwa na kigudulia, na mdomoni mwa kigudulia hicho yalinata manyoya mafupi ya kijivu.

Fnn, pua ilisema, ikaielekea mikono ya Walita.

"Lala," Mama Sirana alinong'ona. "Pua kwa pua. Itakapotoa, vuta. Na usizuie pumzi. Yeye anajua ukizuia. Alijua siku zote."

Maneno yale yalimchoma Walita kuliko mchanga. Akashuka shimoni, akalala kifudifudi juu ya kifua kilichobonyea chini yake kwa sauti ya tope, akaweka viganja vyake vyote viwili kwenye mashavu yaliyokuwa yanateleza, na akiwa karibu hivyo, huku nzi wakimtembea kwenye kope, alisema kile ambacho hakukisema kwa miezi mitano, "Ndiyo, Bibi. Ulikuwa unanuka. Ulikuwa unanuka sana nami nilikuwa nazuia pumzi, nisamehe," na pua ile ikatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha ikatoa pumzi, ya moto, nzito, ya mafuta yaliyochacha na ngozi iliyolainika na manyoya, pumzi ndefu isiyokwisha ambayo Walita aliivuta yote, ikamjaa koo, ikamjaa nyuma ya macho, ikamshuka mpaka kwenye mizizi ya meno, na kila alipotaka kuibana alimkumbuka Keso akifungua mdomo na kuufunga, akavuta tena.

Alipoinuka, pua ilikuwa imenywea na kuwa nyeusi kama uso wote. Akayo aliegesha kigudulia kipya. Upepo ulikuja ukazitikisa nguo zao, na yeye na Mama Sirana waliangaliana.

"Yungiyungi," Akayo alisema, analia na kutabasamu. "Walita, unasikia?"

Walita hakusikia yungiyungi.

*

Keso alishika titi jioni ile ile. Siku ya tatu bato lilibanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake ngozi ilikuwa mpya. Mkate ukarudiwa na harufu yake, na majirani wakarudi mlangoni kuomba kipande. Akayo alileta mvinyo mwingine, akanywa vikombe vitatu, akaimba vibaya.

Tarisa alikaa siku saba bila kumsemesha mdogo wake. Siku ya nane aliinuka, akaja na mtoto mpaka kwenye kitanda cha mfumi ambapo Walita alikuwa anafuma, akamwekea mapajani.

"Haya, yaishe. Mshike. Mnuse utosini, uone. Imerudi yote."

Walita aliinamisha uso kwenye zile nywele laini. Panya. Panya aliyelainika ndani ya mafuta, kama ilivyokuwa kwenye mkate asubuhi, na kwenye maji, na kwenye bahari. Alivuta pumzi yote bila kuibana hata kidogo.

"Ananukia, dada," alisema. "Ananukia vizuri sana."

"Sasa unalia nini?"

"Nimefurahi."

Alitaka kuinua kichwa. Lakini pua yake, bila yeye kuiomba, ilivuta mara ya pili. Fnn. Ikasogea kidogo, ikatafuta katikati ya utosi. Fnn-fnn. Nywele za mtoto zikasimama, zikalala. Tarisa alicheka akasema, "Tazama anavyomnusa, kama Bibi mwenyewe!" Mlangoni, Shomo aliufyata mkia. Safari hii hakuwa anatazama mikono yake.

Walita alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu. Akageukia kitanda cha mfumi, akanyofoa sufu kidogo, akaisokota kati ya vidole mpaka ikawa vizibo viwili vidogo, akainua uso.